Mbuzi kwenye mazuku: uchambuzi wa somo la upumuaji, darasa la saba mjini Goma

Swali la nne la interogasyo, yaani jaribio la maandishi darasani, lilikuwa na mistari mitatu tu. Mtu anapita na mbuzi wake kwenye kibonde chenye mazuku (gesi ya volkeno), kando ya barabara ya Sake, alfajiri. Mbuzi anaanguka, mwenye mbuzi bado amesimama. Kwa nini? Na kwa nini huyo mtu naye ataanguka akiinama kumnyanyua mbuzi wake? Alama 5 kati ya 20.

Maswali matatu ya mwanzo yalikwenda vizuri. Kutaja njia ya hewa kutoka puani hadi kwenye vifuko vya hewa, kujaza majina kwenye mchoro wa mapafu, kuandika gesi inayoingia na gesi inayotoka: karibu darasa lote lilipata. La nne likawaangusha karibu wote, wakiwemo wale waliochora mapafu safi kama ya kitabuni. Mwalimu angeweza kusema swali lilikuwa gumu, akapita. Tunaona kinyume chake: swali la nne ndilo pekee lililopima kama mtoto ameelewa upumuaji. Mengine yalipima daftari.

Darasa lenyewe ni la mfano, limeunganishwa kutokana na hali ambazo mwalimu yeyote wa sayansi mjini Goma atazitambua: mwaka wa saba wa elimu ya msingi, wanafunzi 60, umri wa miaka 12 hadi 14, hakuna maabara, umeme wa kubahatisha, vitabu vichache vya kugawana, somo kwa Kifaransa na ufafanuzi kwa Kiswahili. Upumuaji ulitengewa vipindi viwili vya dakika 50. Cha kwanza kilikuwa mchoro ubaoni na maelezo ya kunakili. Cha pili kilikuwa mapafu ya chupa na jaribio la maji ya chokaa.

Kwa msomaji asiye wa Kivu: mazuku ni kaboni dioksidi ya volkeno inayopenya kutoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya lava na kujikusanya mahali palipoinama. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, na haina rangi. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, hujaa. Jua likipanda na upepo ukianza kuvuma, hupungua. Watoto wa Goma wanayajua hayo kabla ya kukanyaga darasani, na baadhi yao wana jamaa au majirani waliofia humo. Kwa hiyo swali hili liulizwe kwa adabu, kwa mbuzi, wala asitakiwe mtoto yeyote kusimulia ya kwao.

Majibu yaliyotolewa

Majibu yaliyokosea yalikuwa ya aina tatu. Aina ya kwanza: "Mazuku imekula oksijeni yote." Aina ya pili: "Mbuzi ni mfupi, sumu iko chini." Hili lina ukweli nusu, kwa kuwa urefu ndio unaomwokoa mwenye mbuzi, ila mwanafunzi akiulizwa sumu hiyo inafanya nini mwilini, ananyamaza au anataja nyoka.

Aina ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mwalimu aliporudisha karatasi, mmoja wao alijitetea mbele ya wenzake.

"Prof, lakini ile gaz haiwezi kuingia. Tuliandika tunavuta oksijeni, tunatoa gaz carbonique. Ile ni ya kutoka."

"Sasa pua inajuaje ni ipi ya kuingiza?"

"Inachagua, Prof."

Huyu si mtoto mvivu. Amechukua sentensi aliyopewa, akaifuata mpaka mwisho wake. Ukisema "tunavuta oksijeni na kutoa kaboni dioksidi", kwa masikio ya mtoto wa miaka 12 umesema kwamba kinachoingia ni oksijeni tupu na kinachotoka ni kaboni dioksidi tupu, na kwamba kuna mlango unaopanga zamu. Sentensi hiyo imo katika madaftari mengi, ni fupi, inakaririka, na inaharibu kila kitu kinachofuata.

Hesabu ya pumzi moja

Dawa yake ni namba, na ziingie mapema, kabla ya mchoro wa mapafu. Hewa tunayovuta: nitrojeni 78%, oksijeni 21%, kaboni dioksidi karibu 0.04%, na chini kidogo ya 1% ya argoni. Hewa tunayotoa: nitrojeni ileile karibu 78%, oksijeni karibu 16%, kaboni dioksidi karibu 4%, na mvuke wa maji mwingi zaidi.

Asilimia peke yake hazimgusi mtoto. Zigeuzwe mililita. Pumzi moja ya mtu mzima aliyetulia ni karibu mililita 500. Wanafunzi wapige hesabu wenyewe: oksijeni inayoingia ni mililita 105, inayotoka ni 80. Kaboni dioksidi inayoingia ni mililita 0.2, inayotoka ni 20. Nitrojeni inaingia 390 na inatoka 390, haijaguswa. Hesabu hii inachukua dakika 12 na inavunja makosa mawili kwa mpigo: kwamba tunavuta oksijeni tupu, na kwamba hewa tunayotoa haina oksijeni. Mililita 80 zinazorudi nje ndizo zinazofanya kupuliza mdomo kwa mdomo kumsaidie mtu aliyeacha kupumua.

Mtoto mkali atatoa 80 kwenye 105, apate 25, kisha aulize mbona kaboni dioksidi iliyoongezeka ni 20 tu. Asinyamazishwe. Mwili ukichoma sukari, kila oksijeni inayotumika inalipwa kwa kaboni dioksidi ya kiasi hichohicho. Ukichoma mafuta, sehemu ya oksijeni huishia kwenye maji. Sisi huchoma vyote viwili, ndiyo maana kinachotoka ni pungufu kidogo.

Mapafu ya chupa yalifundisha nini

Kifaa hiki kinapendwa, na kinastahili kupendwa, lakini kinabebeshwa mzigo usio wake. Kutengeneza: chupa ya plastiki ya lita 1.5, kitako kikatwe sentimita 5 kutoka chini. Kizibo kitobolewe kwa msumari uliopashwa moto, tundu liwe dogo kuliko ganda la biki (kalamu ya wino), ili biki ipite kwa kulazimishwa. Baloni lifungwe kwenye ncha ya ndani ya biki kwa uzi. Chini, chupa ifungwe kwa baloni kubwa lililokatwa shingo au kwa kipande cha glavu, kikazwe kwa utepe wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Ukivuta mpira wa chini, baloni la ndani linajaa, ukiuachia, linanywea.

Lisipojaa, sababu karibu kila mara ni moja kati ya hizi. Hewa inavuja pale biki inapoingia kwenye kizibo: nta ya mshumaa hupasuka mtu akishika chupa, chingamu iliyotafunwa au udongo wa kuchezea hukaa vizuri zaidi. Baloni la ndani ni jipya na gumu: lipulizwe na kuachiwa mara kadhaa kabla ya kufungwa. Au chupa ni ile laini ya maji, ambayo kuta zake zinabonyea ndani mpira ukivutwa, hivyo nafasi haiongezeki na baloni halina sababu ya kujaa. Chupa ngumu ya soda inafaa zaidi.

Kabla ya kuvuta mpira, ubaoni liandikwe swali: kifua kinapanuka kwa sababu hewa imeingia, au hewa inaingia kwa sababu kifua kimepanuka? Wengi watachagua la kwanza. Sasa mwanafunzi mmoja azibe ncha ya biki kwa kidole, mwingine avute mpira. Mpira unakuwa mzito kuvuta na baloni haliongezeki kitu. Kidole kikiondolewa huku mpira bado umevutwa, hewa inaingia na baloni linajaa papo hapo, na aliye karibu husikia mlio mdogo kwenye biki. Nafasi imetangulia, hewa imefuata. Misuli ya mbavu na kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ndiyo inayofanya kazi ya ule mkono.

Wanafunzi waambiwe pia kifaa kinadanganya wapi. Ndani ya chupa kuna hewa kati ya baloni na ukuta. Kifuani mapafu yamegusana na ukuta, katikati kuna utando na majimaji kidogo tu. Kuta za chupa hazisogei, mbavu zinasogea. Kiwambo cha kweli kikiwa kimepumzika kimejikunja kwenda juu kama kuba na kikifanya kazi kinakuwa bapa, hakining'inii chini kama mpira ule.

Kuna pungufu kubwa kuliko hayo yote. Hewa iliyoingia ndani ya baloni ndiyo ileile iliyotoka. Hakuna oksijeni iliyochukuliwa, hakuna kaboni dioksidi iliyoongezwa. Chupa inaonyesha jinsi hewa inavyosafiri na kuishia hapo, na uelewa wa darasa letu la mfano uliishia hapo pia, kwa sababu kifaa kilifurahisha na jaribio lililofuata likaharibika.

Maji ya chokaa yaliyogeuka maziwa kabla ya wakati

Jaribio la pili lilikuwa la kuonyesha tofauti ya hewa inayoingia na inayotoka. Glasi mbili za maji ya chokaa: moja ikapulizwa kwa mrija, nyingine ikasukumiwa hewa ya chumba kwa pampu ya baiskeli. Zote mbili zikawa nyeupe. Mwalimu akaliambia darasa liandike matokeo "yanayotakiwa", na hapo watoto wakajifunza kwamba jaribio ni mchezo wa kuigiza.

Kilichoharibika kinajulikana. Maji ya chokaa ni kalisi hidroksaidi iliyoyeyuka, na inayeyuka kidogo sana, chini ya gramu 2 kwa lita. Ikikutana na kaboni dioksidi inatoa kalisi kaboneti, ule unga mweupe unaoonekana kama maziwa. Darasani, chupa ilikuwa nusu tupu na ilifunguliwa mara nyingi tangu siku ya kutayarishwa, kwa hiyo maji yalishaanza kunywa kaboni dioksidi ya hewa. Mwalimu alimimina mpaka chini na mashapo yakapanda. Pampu ilisukumwa muda mrefu ndani ya chumba chenye watu 60 na madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya vumbi. Chumba cha namna hiyo kinaweza kuwa na kaboni dioksidi mara kadhaa ya ile ya nje.

Kuna kosa jingine ambalo halikutokea hapa lakini hutokea sana Kivu: kununua chokaa isiyofaa. Chokaa ya kurekebisha udongo wa shamba mara nyingi ni jiwe la chokaa lililosagwa tu, yaani kalisi kaboneti yenyewe. Ukiiweka kwenye maji haiyeyuki, na ukipuliza mpaka jioni huoni kitu. Inayofaa ni chokaa iliyochomwa na kuzimwa, ya kupaka kuta. Kuzitofautisha ni rahisi: weka unga kidogo kwenye kijiko, dondoshea limau. Ikifoka povu kwa nguvu, ni ya shamba au ni ya zamani iliyoharibika. Isipofoka au ikifoka kidogo tu, inafaa.

Kutayarisha: kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tikisa dakika 2, acha usiku kucha. Asubuhi chukua maji maangavu ya juu bila kutikisa, chuja kwa pamba au kitambaa kizito, jaza chupa ndogo mpaka shingoni na ufunge. Chokaa inayobaki chini isitupwe. Inaweza kuongezewa maji tena. Maji haya yanachoma macho. Yakiruka jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 bila kukatiza, na mtoto apelekwe kituo cha afya.

Kwa darasa la watu 60, achana na glasi na mirija. Mtoto anayetakiwa kupuliza kuna siku atavuta, na mrija mmoja kupita midomo kumi si jambo la kuruhusu katika mji unaojua magonjwa ya kuambukiza. Tumia sirinji za mililita 20 bila sindano, moja kwa kila kundi la watu sita. Vuta mililita 5 za maji ya chokaa, kisha mililita 15 za hewa ya nje ya darasa, ziba ncha kwa kidole, tikisa mara 20. Maji yanabaki maangavu. Mwaga, suuza, rudia kwa mililita 15 za hewa kutoka ndani ya baloni ambalo mwanafunzi mmoja amelipuliza. Maji yanakuwa meupe. Kiasi cha hewa ni kimoja, mitikiso ni ileile, tofauti iko kwenye gesi tu, na mwanafunzi anaweza kurudi kwenye namba zake: 4% ni mara 100 ya 0.04%.

Anayependa mrija abaki nao, ila ajue kwamba akipuliza kupita kiasi weupe utaanza kutoweka na maji yatarudi kuwa maangavu. Kaboni dioksidi ikizidi, ule unga unageuka kalisi bikaboneti, ambayo inayeyuka. Mwalimu asiyelijua hili hudhani chokaa ni mbovu.

Maharagwe hayana mapafu

Hata jaribio la chokaa likienda sawa, mwanafunzi anaweza kubaki na wazo kwamba kaboni dioksidi inatengenezwa kwenye mapafu, na nguvu ya mwili inatoka hukohuko. Si wazo la kipuuzi. Lavoisier, ambaye pamoja na Laplace katika majira ya baridi ya 1782 hadi 1783 alimweka mnyama mdogo ndani ya kifaa kilichozungukwa na barafu na kuonyesha kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole, aliamini kuungua huko kunafanyika mapafuni. Ilichukua miongo kadhaa baada yake kukubalika kwamba kazi hiyo inafanyika katika tishu za mwili mzima.

Maharagwe yanafupisha safari hiyo kuwa siku chache. Loweka maharagwe 100 kwa saa 12 na uyaache kwenye kitambaa chenye unyevu siku 2 mpaka yatoe mizizi. Nusu yake yachemshwe dakika 10 na kupozwa. Maharagwe 50 hai kwenye chupa moja, 50 yaliyochemshwa kwenye chupa nyingine, na ndani ya kila chupa kikombe kidogo cha maji ya chokaa, halafu funga kabisa. Kesho yake chupa ya maharagwe hai ina utando mweupe juu ya chokaa.

Hapa mtego uko kwenye yale yaliyochemshwa. Yakiachwa siku mbili yanaoza, na bakteria wanaoyaozesha wanatoa kaboni dioksidi yao, chokaa inakuwa nyeupe pande zote mbili. Suuza maharagwe ya pande zote kwa maji yenye javeli (dawa ya kung'arisha nguo) kidogo, kisha kwa maji safi yaliyochemshwa, na usome matokeo baada ya saa 24, usingoje zaidi. Ikitokea yameoza, usiyafiche: mwanafunzi akigundua kwamba hata bakteria wanatoa kaboni dioksidi, somo limepata mfano wa tatu bila gharama.

Sasa mlinganyo una pa kusimama: glukosi na oksijeni zinatoa kaboni dioksidi, maji na nishati, C6H12O6 + 6O2 → 6CO2 + 6H2O, ndani ya seli, iwe ya haragwe au ya paja la mchezaji mpira. Mapafu ni mahali pa kupokelea na kutolea mzigo. Damu ndiyo inayousafirisha.

Kurudi kwa mbuzi

Kinachobaki ni kanuni moja, na bila hiyo swali la nne halijibiki. Gesi husambaa kutoka mahali ambapo shinikizo lake ni kubwa kwenda mahali ambapo ni dogo. Hakuna kinachochagua. Ndani ya vifuko vya hewa, ambavyo ni mamia ya milioni na kuta zake ni nyembamba mno, kaboni dioksidi ni karibu 5 hadi 6%. Damu inayorudi kutoka mwilini ina kidogo zaidi ya hapo, kwa hiyo gesi inatoka damuni kuingia mapafuni. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini inatosha kwa sababu eneo la kubadilishana ni kubwa, karibu mita za mraba 70.

Mpe sasa mwanafunzi hewa yenye 10% ya kaboni dioksidi na umuulize gesi itaelekea wapi. Itaingia damuni. Damu inakuwa na tindikali, mtu anahema kwa nguvu, kichwa kinauma, na kwa kiwango hicho anapoteza fahamu ndani ya dakika chache. Ilhali oksijeni katika hewa hiyo bado ni karibu 19%. Ndiyo maana jibu la "mazuku imekula oksijeni" halitoshi. Kwenye kibonde kilichojaa kweli, kaboni dioksidi inaweza kuwa sehemu kubwa ya hewa yote. Hapo oksijeni nayo imesukumwa nje na mtu huanguka baada ya pumzi chache. Mambo mawili yanafanya kazi pamoja, na jibu kamili lina yote mawili.

Urefu unaonyeshwa kwa ndoo ya lita 10. Mshumaa mfupi sakafuni mwa ndoo, mwingine juu ya kopo karibu na ukingo, yote imewashwa. Kwenye kopo refu jingine ndani ya ndoo weka vijiko 3 vya chai vya bikaboneti ya soda, karibu gramu 15, na umimine polepole siki mililita 225. Zinapatikana zaidi ya lita 4 za kaboni dioksidi. Mshumaa wa chini unazimika, wa juu unaendelea. Ukimimina siki haraka, povu linafurika na kuuzima mshumaa wa chini kwa maji, na jaribio linakuwa halina maana. Madirisha yafungwe kwa dakika hizo, na kichwa cha mtoto kisiingie ndani ya ndoo.

Mwalimu aseme jambo moja waziwazi kabla kengele haijalia: mshumaa si kipimo cha usalama. Unaweza kuendelea kuwaka katika hewa yenye kaboni dioksidi ambayo tayari ni hatari kwa mtu. Asitoke mtoto na wazo la kwenda kupima kibonde kwa kiberiti. Na anayemwona mtu ameanguka humo asiingie kumwokoa; aite watu, kwa kuwa wengi hufa wakimfuata wa kwanza.

Muda utoke wapi

Yote haya yanahitaji vipindi vitatu, na ratiba ilitoa viwili. Katika darasa la mfano, dakika 35 za kipindi cha kwanza zilikwenda kwenye kunakili maelezo. Mchoro ugawiwe au ubandikwe ukutani, kunakili kufanyike nyumbani, na kipindi cha kwanza kianze na swali la mbuzi lenyewe, bila jibu, kisha hesabu ya pumzi na mapafu ya chupa. Cha pili ni sirinji na kanuni ya kusambaa. Maharagwe yanatayarishwa na kundi moja nje ya kipindi na kusomwa kwa dakika 10. Ndoo inafunga. Majina ya Kifaransa ya sehemu zote za njia ya hewa yanaweza kupungua hadi sita bila mtu kuumia. Mtihani hauulizi zaidi ya hayo mara nyingi.

Mwinuko wa Goma, karibu mita 1,500, utaulizwa na mwanafunzi. Jibu ni fupi: oksijeni bado ni 21%, lakini shinikizo la hewa yote ni karibu 85% ya lile la baharini, hivyo kila pumzi ina molekuli chache. Juu ya volkeno ya Nyiragongo, kwenye mita 3,470, ni karibu theluthi mbili. Anayesema "juu asilimia ya oksijeni inapungua" amekosea asilimia, hajakosea hisia.

Swali la marudio

Kurudia swali la mbuzi kungepima kumbukumbu. Swali la marudio liwe la mbabula, yaani jiko la makaa: familia imelala chumba kilichofungwa, makala (makaa) bado yanawaka, kijana anasema tulale kitandani juu kwa sababu gesi mbaya inakaa chini kama mazuku. Je, yuko sahihi?

Hapana. Muuaji mkuu wa mbabula ni kaboni monoksidi, gesi nyingine, isiyo na harufu. Uzito wake unakaribia ule wa hewa, kwa hiyo inachanganyika chumba kizima, juu na chini. Inashika hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu inaendelea kuzunguka bila kubeba mzigo wake. Maji ya chokaa hayaioni.

Alama 5 zigawiwe hivi: 1 kwa kutofautisha gesi mbili, 1 kwa kusema urefu wa kitanda hausaidii, 2 kwa kueleza kinachotokea kwenye damu, 1 kwa hatua sahihi, yaani kutoa mbabula nje kabla ya kulala. Atakayeandika "wafungue dirisha kidogo" apewe nusu ya alama hiyo ya mwisho: dirisha dogo linapunguza gesi, lakini makala yanaendelea kuitengeneza usiku kucha.